Fyeka Novemba, Usisubiri Moto wa Februari

Ndugu wakulima na wafugaji wa Acholi, Lango na Karamoja, kaskazini mwa Uganda, mvua zikikatika Novemba, panga liingie kazini siku hizo hizo. Tabianchi inabadilika: joto limepanda, nyasi hukauka upesi, na mwaka wa mvua nyingi huacha nyasi ndefu ambazo kufikia Januari ni kuni tupu. Hata Milima ya Rwenzori, yenye ukungu na barafu, iliungua Februari 2012.

Wengi huchoma ili majani mabichi yachipue. Njaa ya ng'ombe ni shida ya kweli, lakini machipukizi hayo hula akiba ya mizizi. Ukichoma kila mwaka wakati wa kiangazi kikali, nyasi nzuri za malisho hudhoofika, na mahali pake hushikwa na nyasi ngumu ya Imperata, ambayo mashina yake yamejificha ardhini. Mti wa shea nao huchanua kiangazi. Moto ukipita chini yake maua huungua, na kina mama hukosa mbegu za mafuta.

Fyeka basi ukanda wa kuzuia moto nyasi zikiwa na ubichi kidogo. Zianike, zigeuze, zifunge, zihifadhi kwenye kichanja chenye paa, mbali na nyumba. Hicho ndicho chakula cha mifugo cha Februari, na mwenye akiba hana haja ya kiberiti. Ukanda uwe mita 5 kuzunguka nyumba na ghala. Upande wa kaskazini mashariki, unakotoka upepo wa kiangazi, uwe mita 10. Penye tambarare palilia hadi udongo uonekane. Kwenye mteremko fyeka tu, usilime, mvua isije ikabeba udongo.

Warina asali watumie bomba la moshi la kufukizia nyuki, si mienge. Kuchoma nyasi bila kibali ni kosa kisheria. Muone mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na uwaarifu majirani.

Moto ukishawaka, ondoeni kwanza watoto na wazee. Upigeni kwa matawi mabichi mkianzia nyuma na pembeni. Msisimame mbele yake, wala juu ya mteremko, maana moto hupanda mlima kwa kasi. Ukizimika, watu wabaki wakikagua visiki hadi kesho yake. Makaa ya ndani huamshwa na upepo wa mchana.