Jinsi ya Kupima Mapigo ya Moyo na Kuufuata Mzunguko wa Damu kwa Vidole

Keti kwa utulivu kwa dakika tano kabla ya kuanza, kwa sababu moyo uliotoka kazini hautakupa hesabu ya mapumziko. Kisha geuza kiganja kimoja kielekee juu, uweke ncha za kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa pili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, na ubonyeze taratibu hadi uhisi mdundo. Usipimie kidole gumba, kwani nacho kina mpigo wake unaoweza kukuchanganya. Hesabu kwa sekunde 30, uzidishe kwa 2. Midundo isipofuatana sawasawa, hesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika, ingawa wanariadha huweza kushuka chini ya 60 bila ugonjwa wowote.

Watu wengi huishia kwenye hesabu hiyo, nami huwasikitikia, kwa maana mdundo ule una mengi ya kufundisha. Moyo una vyumba vinne: upande wa kulia hupokea damu iliyozunguka mwilini na kuisukuma kwenye mapafu, ambako huacha kabonidayoksaidi na kuchukua oksijeni, upande wa kushoto huipokea kutoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima, na ndiyo sababu ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene kuliko mwingine wote. Msukumo wa chumba hicho, unaosafiri kwenye kuta za ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) kwa kasi kuipita damu yenyewe, ndio unaougusa.

Sasa chukua hesabu yako uzidishe kwa mililita 70, ambacho ni kiasi cha kukadiria kinachotoka kwa kila pigo. Mwenye mapigo 70 atapata karibu lita 5 kwa dakika, yaani takriban damu yote ya mtu mzima, na karibu lita 300 kwa saa. Hesabu ya namna hii ndiyo iliyomsaidia daktari Mwingereza William Harvey kupinga imani ya kale kwamba ini hutengeneza damu kutokana na chakula na mwili kuitumia ikaisha. Hakuna chakula kinachoweza kuzalisha damu nyingi kiasi hicho. Kwa hiyo, kama alivyoandika mwaka 1628, ni damu ile ile inayorudi.

Njia ya kurudi unaweza kuiona mwenyewe. Ninginiza mkono hadi vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) za nyuma ya kiganja zivimbe, kisha bonyeza vena moja iliyonyooka kwa kidole kimoja, karibu na vidole vya mkono huo. Pasipo kukiachia kidole hicho, telezesha kidole kingine juu ya vena kuelekea kwenye kifundo, ukiisukuma damu, halafu ukiinue. Ukibahatika kupita penye vali, sehemu iliyo chini yake itabaki bapa, kwa kuwa vali huzuia damu kurudi nyuma. Ukikiachia kidole cha kwanza, vena itajaa mara moja kutoka upande wa vidole. Jaribu kwenye vena mbili au tatu, kwani vali hazionekani kwa urahisi kwa kila mtu.

Harvey hakuwahi kuona mahali ateri zinapokutana na vena. Alifariki mwaka 1657, na miaka minne baadaye daktari Mwitaliano Marcello Malpighi alieleza, kwa msaada wa hadubini, mishipa myembamba sana katika mapafu ya chura: kapilari, ambamo chembe nyekundu hupita karibu moja moja.

Ukirudia kipimo siku nyingine, pima saa ile ile na uandike matokeo. Mapigo yakizidi 100 mara kwa mara ukiwa umepumzika, au yakiwa hayana mpangilio, muone daktari. Yakiambatana na maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kuzirai, acha kuhesabu na utafute msaada wa dharura papo hapo.