SOMO: Vigezo vya kisheria vya kulipwa fidia ukiumia kwa chanjo (soma mpaka mwisho kabla hujanifuata inbox)

Naandika hili mara moja nipumzike, maana kila wiki swali ni lilelile, "ndugu yangu aliumwa baada ya kuchanjwa, analipwaje?", na nikianza kuuliza chanjo gani, tarehe ngapi, bechi gani, mtu anapotea. Mimi naandaa mafaili ya wadai, na nimeshaona watu walioumia kweli wakikosa haki yao kwa sababu ya karatasi moja tu, inaniuma sana, kwa hiyo mnisamehe pale nitakapokuwa mkali.

Elewa kwanza kwamba kwenye mifuko mingi ya fidia ya chanjo huhitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu kakosea. Huthibitishi uzembe wa daktari wala ubovu wa kiwanda. Hoja yake ni kwamba watu wanachanjwa kwa faida ya wote, na wale wachache sana wanaoumia wasiachwe wabebe mzigo peke yao. Ujerumani mahakama yao ya juu ilikubali hoja hiyo mwaka 1953 kwenye shauri la chanjo ya ndui, sheria ikafuata 1961. Uingereza wakaweka yao 1979, Marekani 1986. Ila kutothibitisha kosa SIO kutothibitisha chochote, na hapo ndipo watu wanapojichanganya.

Hatua ya 1: jua uko chini ya mfuko gani. Kila mfuko una orodha yake ya chanjo, kama yako haimo umeshatoka kabla hujaanza. Marekani kwa mfano chanjo za kawaida za watoto na ya mafua zina mfuko wake (VICP), lakini ya korona iko kwenye mfuko mwingine kabisa (CICP) wenye masharti magumu zaidi. Na zile nchi 92 zilizostahili msaada wa COVAX (mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo za korona, uliofungwa mwisho wa 2023) ziliwekewa mfuko wao 2021.

Hatua ya 2: kadi ya chanjo. Tarehe, jina la chanjo, dozi ya ngapi, NAMBA YA BECHI (namba ya fungu la chanjo lililotengenezwa pamoja). Mfuko wa COVAX unalipa madhara ya chanjo zilizopita COVAX tu, zile ambazo serikali ilinunua yenyewe au kupewa na nchi rafiki moja kwa moja hazimo, na mara nyingi kinachotenganisha hizo mbili ni hiyo namba ndogo iliyoandikwa kwa kalamu pembeni ya kadi. Kama haisomeki rudi kituo ulichochanjwa wakakusomee kwenye rejista.

Hatua ya 3: ukubwa wa madhara. Homa ya siku mbili, mkono kuuma, uchovu, hayo ni maudhi ya kawaida na hayo peke yake hayakufikishi kwenye fidia. Marekani madhara yawe yamedumu zaidi ya miezi 6, au ulilazwa na kufanyiwa upasuaji kwa ajili yake, au mtu kafariki. Uingereza ulemavu uwe umefika asilimia 60 ndio unapewa pauni 120,000 kwa mkupuo, ukipimwa ukaonekana una 55 hupati hata senti, hakuna nusu. Kwangu mimi hicho kigezo ni cha kikatili, mtu mwenye asilimia 55 maisha yake yamebadilika moja kwa moja. COVAX wanataka ulemavu wa kudumu au kifo.

Hatua ya 4: muda. Huu haubembelezi mtu. VICP ni miaka 3 tangu dalili ya kwanza, sio tangu siku daktari alipokwambia jina la ugonjwa. Kama ni kifo ni miaka 2 tangu kifo, na pia isizidi 4 tangu dalili ya kwanza ya kile kilichomuua. CICP ni mwaka 1 tu tangu siku ya kuchomwa. Uingereza ni miaka 6 tangu chanjo, au kabla mtu hajatimiza miaka 21, ile inayokuja baadaye.

Hatua ya 5: kuonyesha kwamba chanjo ndiyo iliyosababisha. Hapa tulieni jamani, hapa ndipo mafaili mengi yanafia.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni jedwali. Sheria inaorodhesha chanjo, dhara na muda, ukiingia humo ndani unachukuliwa kwamba chanjo ndiyo chanzo mpaka upande wa mfuko uonyeshe kingine. Kwenye jedwali la Marekani mzio mkali wa ghafla unatakiwa uanze ndani ya saa 4, ugonjwa wa Guillain-Barré (kinga ya mwili inashambulia neva, mtu anapata ganzi na kupooza) baada ya chanjo ya mafua uanze kati ya siku ya 3 na ya 42, utumbo kujikunja baada ya chanjo ya rota (kirusi cha kuharisha kwa watoto) iwe ndani ya siku 21. Ukiwa nje kwa siku moja tu, hiyo dhana huna tena. Kwa hiyo saa na siku ya dalili ya KWANZA ni mali. Sio siku ya kulazwa, ni siku miguu ilipoanza ganzi, siku aliposhindwa kufunga vifungo vya shati. Andika leo kabla hujasahau, na umwombe aliyekuwepo aandike ya kwake.

Njia ya pili ni kwa walio nje ya jedwali au nchi isiyo na jedwali. Mahakama ya rufaa ya shirikisho Marekani mwaka 2005 (shauri la Althen) iliweka maswali matatu ambayo mimi nayatumia kupimia faili lolote hata la nchi nyingine: kuna maelezo ya kitabibu ya jinsi chanjo hii inavyoweza kuleta dhara hili? Kwa mgonjwa huyu mambo yalifuatana kwa mantiki kutoka chanjo mpaka dhara? Na muda uliopita unalingana na hayo maelezo, haujawahi sana wala kuchelewa sana? Hutakiwi kuwa na uhakika wa asilimia mia, inatosha ikionekana uwezekano wa chanjo kuwa chanzo ni mkubwa kuliko kutokuwa. Ulaya nao mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, kwenye shauri la chanjo ya homa ya ini B, ilikubali hata pale ambapo utafiti wa kitabibu haujathibitisha wala kukanusha, jaji anaweza kuegemea ushahidi wa mazingira ulio mzito, mahsusi na unaokubaliana. Ila ikakataza dhana ya kujiendesha yenyewe, kwamba ukileta mambo fulani basi umeshinda.

ONYO. "Alikuwa mzima, akachanjwa, akaumwa" ni mwanzo wa hoja, sio hoja. Kuna faili nililiona lina barua ya daktari ya mistari miwili: mgonjwa alipata chanjo, siku chache baadaye akapooza miguu, inawezekana ni chanjo. Basi. Hakuna tarehe, hakuna kipimo, na kwenye cheti cha kutoka wodini kumeandikwa alikuwa na kuharisha sana wiki mbili kabla. Msomaji wa faili anajua kuna bakteria wa kuharisha anaitwa Campylobacter ambaye ni chanzo kinachojulikana cha Guillain-Barré, kwa hiyo kabla hajafika ukurasa wa pili ameshapata maelezo mengine. Kama choo kilipimwa na huyo bakteria hakuonekana, kiambatanishe. Kama hakikupimwa, daktari aandike kwa nini bado anaona chanjo. Kunyamazia ndiko kunakoua.

ONYO la pili, msichonge ushahidi. Tarehe ya kalamu mpya kwenye kadi ya zamani inaonekana hata na mtoto, na ikigundulika faili zima linakuwa na doa hata kama uliumia kweli.

Hatua ya 6: soma kabla hujasaini. COVAX hesabu yao ni pato la mtu mmoja kwa mwaka la nchi husika, mara 12, mara kiwango cha madhara, na ukipokea unasaini kwamba umemaliza, hudai tena kokote. Uingereza ile pauni 120,000 haikufungii mlango wa mahakama. Marekani huwezi kuruka kwenda kumshtaki mtengenezaji bila kupitia mfuko kwanza.

Hatua ya 7: tuma, chukua risiti, baki na nakala ya kila ukurasa.

Maswali chini.

---

kibuyu77: Mkuu mwanangu alipata homa kali usiku baada ya sindano, nalipwa ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 3. Homa yenyewe ilipoisha hakuna fidia. Kama alipata degedege au hajarudi kuwa kama zamani hiyo ni habari nyingine, mpeleke hospitali kwanza halafu urudi na maelezo.

kibuyu77: Si ungejibu tu kiasi?

Mwandishi: Hakuna kiasi kwa sababu hakuna dhara ulilolitaja.

mwali_wa_bara: Naomba kuuliza, kama mtu alikuwa na ugonjwa tayari, mfano kifafa kidogo, halafu baada ya chanjo kikazidi mno, hilo linakubalika au watasema alikuwa anaumwa toka zamani?

Mwandishi: Swali zuri sana hili na wengi hawajui. Sheria ya Marekani inatambua chanjo kuzidisha ugonjwa uliokuwepo. Unatakiwa uonyeshe hali ilivyokuwa kabla, hali ilivyo sasa, kwamba tofauti ni kubwa kweli, halafu unarudi kwenye yale maswali matatu ya hatua ya 5. Pia jiandae, wanaweza kukwambia ugonjwa ungefika hapo hata bila chanjo. Kwa hiyo tafuta rekodi za KABLA: kliniki, dawa alizokuwa anatumia na dozi yake, daftari la degedege kama mlikuwa nalo. Alikuwa anaanguka mara moja kwa miezi mitatu na sasa ni kila wiki, hiyo ionekane kwenye karatasi za zamani, sio kwa maneno yenu ya leo.

mwali_wa_bara: Asante sana, rekodi zipo, tulibadilishiwa dawa mara mbili baada ya hapo.

Mwandishi: Hizo mara mbili ni dhahabu, omba kliniki nakala za cheti cha dawa zikiwa na tarehe.

simba_mwoga: Kwa hiyo umekubali chanjo zinaua watu, na bado mnatulazimisha. Umelipwa bei gani na makampuni?

Mwandishi: Sijalipwa na mtu. Madhara makubwa yapo, ni nadra sana, na ndio maana mifuko ipo. Kelele za "zinaua wote" ndizo zinafanya mtu aliyeumia kweli aonekane mzushi akifika pale dirishani. Kama una faili leta, kama huna waachie nafasi wenye nalo.

dada_ruvu: Na usonji je? Nimesikia kuna watu wamelipwa.

Mwandishi: Marekani familia zaidi ya 5,000 zilipeleka madai hayo, zikachaguliwa kesi za mfano, maamuzi yakatoka 2009 na 2010, hoja kwamba chanjo zilileta usonji ikakataliwa. Ushahidi haukuwepo. Nakuambia ukweli ili usitumie pesa na miaka yako huko.

nesi_wa_zamu: Mimi ni muuguzi. Mtu anakuja bega halinyanyuki wiki ya pili baada ya sindano. Hiyo ni chanjo au ni mchomaji? Na niandike nini kwenye faili ili nisimharibie?

Mwandishi: Mungu akubariki kwa kuuliza. WHO wanagawa matukio baada ya chanjo mafungu matano: chanjo yenyewe, ubora wake, makosa ya utoaji, wasiwasi wa kuchomwa, na sadfa. Bega mara nyingi linahusu utoaji, sindano imeingia juu mno. Lakini Marekani liko kwenye jedwali, hivyo halihitaji ugomvi na mchomaji. Vigezo ni kwamba hakuwa na tatizo la bega hilo kabla, maumivu yalianza ndani ya saa 48, yako kwenye bega lililochomwa tu, na hakuna ugonjwa mwingine unaoyaeleza. Kwa hiyo andika mkono GANI ulichomwa, sehemu gani, maumivu yalianza lini kwa kauli ya mgonjwa, na bega linafika nyuzi ngapi likinyanyuliwa. Unaandika ulichokiona, hukumu waachie wao.

nesi_wa_zamu: Mkono gani huwa hatuandiki kabisa, nitaanza kesho.

jogoo_la_shamba: Wakili ni lazima? Kuna jamaa anataka theluthi ya malipo.

Mwandishi: Mkimbie. Kuomba COVAX ni bure na fomu imetengenezwa mwombaji ajaze mwenyewe, sehemu ya kitabibu ndiyo inajazwa na mtaalamu wa afya aliyesajiliwa. VICP mfuko unamlipa wakili hata ukishindwa, mradi ulidai kwa nia njema na una msingi, na haruhusiwi kukukata wewe tena. Vishoka wanakula kwa watu wasiojua hilo.

mwali_wa_bara: Nyongeza kwa wengine, kadi zetu za karatasi wino unafifia, mimi nilipiga picha pande zote mbili nikajitumia kwenye barua pepe.

Mwandishi: Safi, na piga mchana kwenye mwanga wa dirisha bila flashi, ile flashi inafuta namba ya bechi iliyoandikwa kwa kalamu.

kibuyu77: Mkuu nimerudi. Ile homa ilikuja na degedege, ameshapimwa, daktari anasema tusubiri.

Mwandishi: Pole sana, ungeanza na hilo. Subiri kama daktari alivyosema ila saa hizi andika: saa ya sindano, saa ya homa, saa ya degedege, ilidumu dakika ngapi, upande mmoja au mwili mzima, na nani alishuhudia. Ukimaliza nitumie picha ya kadi niangalie ni chanjo ipi.