Jinsi ya kufuata pindi (mhadhara) linalotolewa kwa Kiingereza chuoni: mwongozo kwa anayeanza Mwanza

Aliyemaliza kidato cha sita amefundishwa kwa Kiingereza miaka sita, na kitabu akikishika anakisoma. Halafu anaingia ukumbini, chuo cha Malimbe au cha Bugando, lecha anaongea dakika kumi, na kwenye daftari kuna kichwa cha somo na tarehe tu. Wengi hapo hukimbilia kununua kamusi. Kamusi inasaidia tatizo moja, na mara nyingi silo linalokusumbua.

Jipime kwanza. Tafuta video ya somo lako yenye maandishi chini, zima maandishi, chagua dakika mbili. Sikiliza mara tatu, uandike kila unachosikia. Kisha washa maandishi ulinganishe. Neno ulilokosa kwa sababu hulijui kabisa liwekee M ya msamiati. Neno unalolijua ukiliona lakini hukulisikia, liwekee S ya sikio. Hesabu. Kama S ni nyingi, kukariri maneno mapya mia mbili hakutabadilisha kitu, kwa sababu hata uliyonayo tayari hayakufikii.

Sikio linakwama wapi

Kiswahili hutamka kila silabi kwa uzito unaokaribiana, na mkazo tunajua unapoangukia. Kiingereza kinakaza maneno machache kwenye sentensi na mengine kinayameza. Sentensi "What are you going to do with the data?" kwa Mmarekani hutoka kama "wadaya gona duu widhadeta". Ukingoja kusikia maneno tisa, utasikia mawili. Mwalimu wako wa sekondari aliyatamka yote tisa, na lecha wa Kitanzania pengine naye hufanya hivyo, ndiyo maana unamwelewa yeye vizuri, halafu akija mgeni kutoka Marekani au Uskochi unahisi umesahau lugha.

Kuna jozi chache zinazoleta hasara kila muhula. Ya kwanza ni tarakimu. "Fifteen" hurefusha silabi ya mwisho, "fifty" hukaza ya kwanza na ya pili ikafupika. Sikiliza mkazo, usisikilize herufi n ya mwisho, maana feni ikizunguka au mvua ikipiga bati n haisikiki. Kwa wanaosoma udaktari, famasi na uuguzi hili si la kubahatisha: miligramu 15 na miligramu 50 ni dozi mbili tofauti kabisa. Uliza wazi, "One five or five zero?" Hakuna mtu wa afya atakayekucheka kwa swali hilo. Hao hao wawe macho na "hypo" na "hyper": ya kwanza ni chini ya kiwango, ya pili ni juu ya kiwango, na kwenye maneno kama "hypotension" na "hypertension" tofauti ni silabi moja tu.

Ya pili ni "can" na "can't". Kwenye mazungumzo ya kasi "can" inabaki "kn" tu, na mkazo unahamia kwenye kitenzi. Kwa hiyo ukisikia irabu imetoka wazi na nzito, elekea kudhani ni kukanusha, hata kama t haikusikika.

Ya tatu inatuhusu zaidi sisi wa Kanda ya Ziwa, ambao wengi wetu l na r tunazibadilishana bila kujali. "Collect the data" ni kukusanya takwimu, "correct the data" ni kuzisahihisha. Kwenye pindi la utafiti hizo ni hatua mbili tofauti. Tumia kinachofuata kuamua: akitaja dodoso, sampuli au kijiji, anakusanya.

Mazoezi ya S ni haya, dakika 20 kwa siku, siku tano kwa wiki. Chukua dakika moja ya sauti. Sikiliza bila kuandika. Sikiliza tena ukiandika, ukisimamisha kila baada ya sentensi. Linganisha na maandishi, pigia mstari ulichokosa, kisha sema wewe mwenyewe kwa sauti pamoja na msemaji, ukimeza anapomeza. Hatua hii ya mwisho wengi wanairuka kwa aibu ya wenzao hosteli, na ndiyo yenye kazi: mdomo ukizoea kusema "gona", sikio linaacha kuikataa. Usipunguze kasi ya video chini ya 0.75, sauti inavurugika na unajizoeza Kiingereza ambacho hakuna anayekiongea.

Kabla ya pindi

Nusu saa ya usiku uliotangulia inazidi saa mbili za kudesa (kunakili notsi za wenzako) baadaye. Soma slaidi au sura husika kwa haraka, toa maneno kumi tu, yatamke. Kama kesho ni ikolojia ya Ziwa, orodha itakuwa na "nutrients", "runoff", "algae", "oxygen", "water hyacinth". Jiulize pia hadithi itakwenda vipi: mbolea na majitaka vinaingia ziwani, mwani unastawi, ukifa unaoza na kumaliza oksijeni, samaki wanakosa hewa. Ukiingia na mnyororo huo kichwani, unachosikiliza ni wapi lecha anauongezea au anaupinga. Msamiati wa kitaaluma wa jumla nao una mpaka: mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha orodha ya familia 570 za maneno (neno pamoja na yanayotokana nalo) yanayojirudia kwenye maandishi ya vyuo vya fani mbalimbali. Inapatikana bure. Watu wenye M nyingi waanzie hapo, maneno matano kwa siku.

Ndani ya ukumbi

Kaa safu ya pili au ya tatu. Nyuma umeme ukikatika maikrofoni inakufa nawe umekwisha.

Usiandike sentensi. Mhadhiri wa kawaida hutoa maneno zaidi ya mia kwa dakika, na mkono wako hauwezi hata nusu yake. Tazama mfano huu: "The Nile perch was introduced in the fifties, but it wasn't until the eighties that the stocks really exploded. As a result, many of the native haplochromines declined sharply." Anayekimbizana na maneno ataishia "introduced in the fifties but it wasn't", na lecha ameshahamia kwingine. Anayesikiliza maana ataandika: sangara, kuingizwa 1950s → kuongezeka 1980s → furu wakapungua. Mistari, mishale, Kiswahili na Kiingereza pamoja, hakuna anayekagua daftari lako. Ila istilahi kama "haplochromines" ibaki kwa Kiingereza, maana UE, mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula, utaijibu kwa Kiingereza.

Hapo hapo pana mtego. "It wasn't until the eighties that" ina kikanushi, na mwenye haraka ataandika kwamba miaka ya themanini sangara hawakuongezeka. Maana yake ni kinyume: ilipofika miaka ya themanini ndipo walipoongezeka. Jamii hiyo ina "not only", ambayo haikanushi kitu, na "hardly", ambayo inakanusha bila "not".

Shika alama za njia. "There are three reasons" inakuambia uandike 1, 2, 3 pembeni sasa hivi, na ukipitwa na ya pili uache nafasi. "Having said that" maana yake anageuka, kinachofuata kinapunguza alichotoka kusema. "Which brings me to" ni mada mpya. "Bear in mind" na "this will come up again" nadhani hazihitaji maelezo kwa mtu anayeogopa sapu, yaani mtihani wa marudio. Vichekesho na visa vya ujana wake alipokuwa ng'ambo viache vipite, pumzisha mkono.

Kurekodi kunafaa, lakini omba ruhusa kwanza, na weka simu hali ya ndege. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula takribani MB 29 kwa saa, kwa hiyo simu ya kawaida inabeba muhula mzima. Usisikilize yote tena, hutamaliza. Kila unapopotea ukumbini andika dakika pembeni, kisha urudie hapo tu, jioni hiyo hiyo kwenye vimbweta (viti vya kusomea vya nje), wenzako wakiwa bado wanakumbuka.

Nje ya ukumbi

Kiingereza cha korido ni kirahisi kwa maneno na kigumu kwa maana. Msimamizi wa utafiti akikuambia "You might want to look at chapter two again", hajakupa hiari. Amekuambia sura ya pili irudiwe. "I'm afraid" kwenye barua pepe ya ofisi kwa kawaida hutangulia kukataliwa.

Swali lenye kukanusha ndilo linaloponza wengi. "You haven't submitted the form?" Kwa mazoea ya Kiswahili utajibu "Yes", yaani ndiyo, bado. Yeye amesikia kwamba umewasilisha, anafunga faili. Sema sentensi nzima, "I haven't submitted it yet", uachane na "yes" na "no" kabisa. Vilevile "Would you mind presenting first?" Ukikubali kwa "Yes", umekataa. Jibu ni "Not at all".

Mgeni akijikwaa kwenye mawe ya Malimbe ukamwambia "Sorry" ukimaanisha pole, anaweza kushangaa umemkosea nini. "Are you all right?" inatosha.

Saa nazo. "The test is at eight" ni saa mbili asubuhi. Aliyebeba "nane" kichwani atafika mchana na kukuta ukumbi mtupu. Na Mwingereza akisema "half two" anamaanisha saa nane na nusu mchana.

Usipoelewa, usiseme "I don't understand" ukaishia hapo, kwa sababu lecha hajui aanzie wapi na atarudia yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Taja ulipoishia: "I got the first cause. Could you go over the second one again?" Kwenye miadi ya ofisini, kabla hujatoka rudia ulichosikia: "So I rewrite chapter two and bring it on Friday at four." Ukikosea atakusahihisha hapo hapo. Kisha, ukiwa bado mlangoni, andika kwenye simu: Ijumaa, saa kumi jioni.