Kuchagua Bunduki na Kaliba kwa Msimu wa Kulungu Nchini Marekani

Msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki nchini Marekani huangukia zaidi mwezi Novemba, na katika baadhi ya majimbo huendelea hadi Desemba. Wisconsin hufungua msimu wake wa siku 9 Jumamosi inayotangulia sikukuu ya Thanksgiving (Alhamisi ya nne ya Novemba), na Pennsylvania hufungua wake Jumamosi inayoifuata. Wasemaji wa Kiswahili waliohamia miji kama Columbus, Des Moines na Louisville wanaishi katikati ya maeneo ambako uwindaji huu ni desturi ya kawaida, na anayetaka kushiriki kwa mara ya kwanza hukabiliwa na swali la bunduki ipi anunue na ya kaliba gani, yaani ya kipenyo na aina gani ya risasi. Mwongozo huu unamhusu yeye, na mnyama anayezungumziwa ni kulungu wa mkia mweupe, ambaye dume wake mkubwa wa kaskazini anaweza kupita kilo 100, ingawa wengi wanaopigwa huwa wepesi kuliko hapo.

Kabla ya kutazama bei ya bunduki yoyote, soma kanuni za jimbo utakalowinda. Uwindaji wa kulungu husimamiwa na kila jimbo kivyake, na silaha iliyo halali upande huu wa mpaka inaweza kuwa kosa upande wa pili. Ohio, kwa mfano, inaruhusu kulungu apigwe kwa raifo za aina maalumu tu: risasi lazima iwe na ganda lililonyooka lisilo na shingo, yenye kipenyo cha kuanzia inchi 0.357 hadi 0.50, na bunduki haitakiwi kubeba risasi zaidi ya 3 kwa jumla. Iowa nayo inafuata mkondo huohuo wa maganda yaliyonyooka. Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyeona mandhari ya huko: mashamba ni tambarare, nyumba zimetawanyika kila upande, na risasi ya ganda lililonyooka, kwa kuwa ni nzito na ya mwendo wa chini, huanguka ardhini mapema kuliko risasi nyembamba yenye kasi kubwa. Pennsylvania inakubali raifo za kaliba za kawaida lakini inakataza bunduki za nusu-otomatiki kwa kulungu. Colorado inadai kaliba isiyopungua inchi 0.24, kichwa cha risasi kinachotanuka chenye uzito usiopungua greni 70 (greni 1 ni takriban gramu 0.065), na nishati isiyopungua futi-pauni 1,000 kwenye umbali wa yadi 100. Kanuni hizi hubadilishwa mara kwa mara, hivyo kijitabu cha mwaka jana hakitoshi. Tumia cha mwaka huu kinachotolewa na idara ya wanyamapori ya jimbo.

Mhamiaji ana jambo jingine la kuhakikisha, tena kwa uangalifu mkubwa kuliko yote yaliyotangulia. Sheria ya serikali kuu humruhusu mkaazi wa kudumu, yaani mwenye kadi ya kijani, kununua bunduki kama raia, baada ya kujaza fomu na kukaguliwa kumbukumbu zake dukani. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya utalii, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika bunduki wala risasi, isipokuwa ana msamaha uliotajwa kisheria, na mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Kwa kuwa kosa la silaha linaweza kumfukuzisha mtu nchini, yeyote ambaye hali yake ya ukaazi haijakamilika amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla hata ya kuazima bunduki ya rafiki. Karibu kila jimbo pia hudai mafunzo ya usalama wa uwindaji kabla ya kutoa leseni, na mafunzo hayo yanafaa kuhudhuriwa hata na aliyewahi kuwinda kwao.

Sheria ikishaeleweka, swali linalofuata ni umbali. Katika misitu ya Pennsylvania, Michigan au Maine, kulungu wengi hupigwa ndani ya yadi 100, mara nyingi ndani ya 50, kwa sababu miti hairuhusu kuona mbali zaidi. Katika nyanda wazi za Kansas au Wyoming, mlengaji anaweza kumwona mnyama akiwa yadi 250 na asiweze kumsogelea zaidi. Moyo na mapafu ya kulungu, ndiyo shabaha pekee inayofaa kulengwa, vinakaa katika eneo lenye upana wa takriban inchi 8, sawa na sentimita 20. Kwa hiyo pima uwezo wako hivi: nenda uwanja wa shabaha, kaa au piga goti kama utakavyokaa porini, kisha tafuta umbali ambao kila risasi yako inaingia ndani ya sahani ya ukubwa huo. Umbali huo ndio mpaka wako, hata kama kasha la risasi limechapishwa takwimu za yadi 500.

Sasa tufike kwenye kaliba zenyewe. Ubishi wa kaliba kwenye kaunta ya duka la bunduki hauna tofauti kubwa na ubishi wa Simba na Yanga kijiweni: kila mtu ana yake, na hakuna anayeshawishika. Ukweli wenyewe ni mtulivu zaidi. Kaliba nyingi zinazouzwa kwa ajili ya kulungu zinatosha kabisa, na tofauti kati yake huonekana zaidi begani kwa mpigaji na katika umbali mrefu kuliko kwenye mwili wa mnyama.

Ya zamani kuliko nyingi ni .30-30 Winchester, iliyoingia sokoni mwaka 1895 na ambayo bado inaua kulungu kila msimu. Kichwa chake cha greni 150 hutoka mtutuni kwa takriban futi 2,390 kwa sekunde, na risasi ya bunduki iliyorekebishwa kugonga katikati kwenye yadi 100 itakuwa imeshuka kama inchi 8 ikifika yadi 200. Basi ni kaliba ya msituni, na humo haina upungufu wowote. Baada yake ilikuja .30-06 Springfield, risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1906, ambayo ganda lake lilizaa .270 Winchester mwaka 1925. Hizi mbili zina nguvu ya kutosha hata kwa wanyama wakubwa kuliko kulungu, na .270 yenye kichwa cha greni 130 husafiri kwa karibu futi 3,060 kwa sekunde, kasi inayoifanya ishuke kidogo sana hadi yadi 250.

Familia ninayoipendekeza kwa anayeanza, hata hivyo, ni ile ya .308 Winchester. Risasi hii ya mwaka 1952 hufanya karibu kazi yote ya .30-06 kwa ganda fupi na kwa teke (msukumo wa bunduki begani) pungufu kidogo, na ni nadra kukosekana katika duka lolote la risasi nchini humo, jambo ambalo mtu hulithamini siku anapogundua jioni ya kuamkia ufunguzi kwamba kasha lake limebaki nyumbani. Kutokana na ganda hilohilo zimetengenezwa .243 Winchester ya mwaka 1955 na 7mm-08 Remington ya mwaka 1980. Ya kwanza ina teke dogo na hupewa vijana mara nyingi, lakini kichwa chake cha greni 100 hakisamehe mlengaji anayegonga mfupa mzito wa bega kwa pembe mbaya, kwa hiyo binafsi naiona inafaa zaidi mikono mizoefu kuliko wanavyodhani wanaoinunulia watoto. Ya pili, 7mm-08, ndiyo ningemkabidhi mtu mwenye umbo dogo bila kusita. Karibu nayo kwa tabia ni 6.5 Creedmoor ya mwaka 2007, ambayo sifa zake ni nzuri japo matangazo yake yanazidi sifa hizo.

Kwa Ohio, Iowa na kwingineko kunakotakiwa maganda yaliyonyooka, chaguo la busara kwa wengi ni .350 Legend, iliyotolewa na Winchester mwaka 2019. Kichwa chake cha greni 150 huanza na takriban futi 2,325 kwa sekunde, teke lake ni jepesi, na hadi yadi 150 hivi inamtosha kulungu yeyote. .450 Bushmaster ina nguvu zaidi lakini hukusukuma bega vilivyo. Nao wanaoshauriwa kununua .300 Winchester Magnum kwa ajili ya kulungu wanashauriwa vibaya. Inaua, hilo halina ubishi, lakini teke lake humfundisha mpigaji kufumba macho na kukurupua triga, na mazoea hayo hubaki hata baada ya kubadilisha bunduki. Kulungu aliyepigwa tumboni kwa kaliba kubwa atakimbia mbali na kuteseka kwa saa nyingi, ilhali aliyepigwa mapafuni kwa kaliba ya wastani huanguka kwa kawaida baada ya kukimbia umbali mfupi.

Kichwa cha risasi kinastahili kufikiriwa zaidi ya kaliba. Vile vyenye koti zima la shaba, vinavyotengenezwa kwa mazoezi au kwa jeshi, hupita bila kutanuka na kuacha jeraha jembamba, na majimbo mengi huvikataza kwa kulungu. Unachohitaji ni kichwa kinachotanuka kikigonga na bado kikabaki na uzito wa kutosha kupenya hadi upande wa pili, kwa sababu tundu la kutokea ndilo linaloacha damu ya kufuatilia. Vichwa vya kawaida vya ledi (madini laini ya risasi) yenye koti la shaba hufanya kazi hiyo kwa bei nafuu, lakini huacha vipande vidogo vya ledi ndani ya nyama, vingine visivyoonekana kwa macho, na ledi ni sumu, hasa kwa watoto na wajawazito. Vichwa vya shaba tupu havina tatizo hilo, na California imevifanya, pamoja na vingine visivyo na ledi, kuwa lazima kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Kwa familia itakayokula nyama hiyo kuanzia Novemba hadi Machi, ninaona gharama ya ziada ina haki yake. Shaba ni nyepesi kuliko ledi, hivyo kichwa cha shaba huwa kirefu kuliko cha kawaida chenye uzito uleule; chagua kilicho chepesi kwa hatua moja, yaani greni 130 badala ya 150 katika .308. Mwislamu naye ana sababu yake ya kujali kichwa kinachopenya: wanazuoni wengi wa zama hizi wanahesabu risasi inayotoboa mwili kuwa chombo halali cha kuwindia, mradi jina la Mwenyezi Mungu litajwe wakati wa kufyatua, na mnyama akikutwa bado hai achinjwe ipasavyo.

Kuhusu bunduki yenyewe, ile ya bolti (komeo linalovutwa kwa mkono kupakia kila risasi) ndiyo rahisi kuielewa, kuisafisha na kuhakikisha kwamba haina risasi ndani. Remington 700, Savage 110, Winchester 70, Tikka T3 na Ruger American zote zinatosha, na ile ya bei ndogo miongoni mwao hulenga vizuri kuliko wamiliki wengi wanavyoweza kulenga. Bunduki za wenzo (mpini ulio karibu na triga unaosukumwa kupakia risasi) kama Marlin 336 ni fupi na nyepesi kubeba msituni, ila zile zenye magazini ya bomba chini ya mtutu zinahitaji vichwa bapa au vyenye ncha laini iliyoundwa kwa ajili yake, kwa kuwa ndani ya bomba ncha ya risasi moja hukaa juu ya fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda) ya iliyo mbele, na ncha kali inaweza kuilipua. Mwenye mkono wa kushoto aombe bolti ya kushoto. Dukani, baada ya muuzaji kuthibitisha kwamba bunduki ni tupu, ipandishe begani ukiwa umevaa jaketi zito, kwa sababu kitako kinachokaa vizuri juu ya fulana Agosti huwa kirefu mno juu ya nguo za baridi za Novemba. Soma pia maandishi ya kaliba yaliyochongwa kwenye mtutu na uyalinganishe neno kwa neno na kasha la risasi. Majina yanayofanana hayamaanishi risasi zinaweza kubadilishana, na kosa hilo linaweza kupasua bunduki usoni.

Darubini ya kulengea yenye ukuzaji wa mara 3 hadi 9 inatosha kila mahali palipotajwa hapa. Ukibanwa na bajeti, punguza kwenye bunduki kabla ya kupunguza kwenye darubini na vishikizo vyake. Kurekebisha shabaha anza yadi 25, ambako kosa kubwa bado litaonekana kwenye karatasi, kisha hamia yadi 100, ukipiga makundi ya risasi 3 na kuuacha mtutu upoe kati ya kundi na kundi. Darubini nyingi husogeza pigo robo inchi kwa kila mgeuko mdogo (klik moja) wa kirekebishi chake kwenye yadi 100, kwa hiyo kwenye yadi 25 utahitaji mara nne ya migeuko hiyo kwa kosa lilelile. Mwindaji wa msituni aache bunduki ikigonga katikati kwenye yadi 100. Wa nyandani, akiwa na .308 au .270, airekebishe igonge takriban inchi 2 juu kwenye yadi 100, ili iwe karibu na katikati kwenye yadi 200. Fanya kazi hii kwa risasi zilezile utakazowindia, aina ileile na uzito uleule, kisha nunua makasha mengine mawili ya hizo. Bunduki ikianguka, au ikisafirishwa kwa ndege, rudi uwanjani upige tena karatasi kabla ya kuingia porini, ukianza na mtutu baridi, maana siku ya kuwinda risasi ya kwanza itatoka kwenye mtutu wa hali hiyo.