Kesi yako Tanga au Bagamoyo: anza na mahakama gani?

Ukikosea mahakama, shauri hutupwa kabla hata halijasikilizwa, na nauli na ada zimekwenda. Kwa hiyo anza na swali la mahali. Mahakama ya Mwanzo mipaka yake ni wilaya yake: deni la mtu anayeishi Pangani, mlilokubaliana Pangani, usilipeleke Muheza kwa sababu ni karibu na kwako. Mahakama ya Hakimu Mkazi huvuka wilaya. Kwa kawaida eneo lake ni mkoa mzima. Bagamoyo iko Mkoa wa Pwani, ingawa wengi hukimbilia Dar es Salaam.

Kisha thamani. Madai ya fedha au mali inayohamishika yasiyozidi shilingi milioni 30 huanzia Mwanzo. Yakizidi hapo, nenda Mahakama ya Wilaya, ambayo kikomo chake ni milioni 200. Mgogoro wa ardhi una njia yake: usuluhishi Baraza la Kata, halafu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ilipo ardhi.

Mirathi ndiyo inayowaponza wengi. Marehemu aliishi Chumbageni, jijini Tanga, akafia hospitalini Dar es Salaam, watoto wakafungua huko. Sheria huangalia makazi yake ya kudumu alipofariki, siyo mahali alipofia. Fungua Tanga, na cheti cha kifo pamoja na muhtasari wa kikao cha ukoo. Humo andikeni wazi alikokuwa akiishi, kwa mtaa na kata.

Hukumu ya Mwanzo hukatiwa rufaa Wilaya ndani ya siku 30.