Unahamia Maryland kwa ajili ya shule? Anza na bajeti

Jamaa wakitaka kuhamia Maryland hunipigia simu na swali lao ni lile lile: kaunti gani ina shule nzuri? Mimi kazi yangu ni uhasibu, kwa hiyo huwaambia waanze na pesa, wahesabu watoto, alama zije baadaye.

Maryland ina nafuu moja. Katika majimbo kama Illinois, kaunti moja huwa na wilaya nyingi za shule, kila moja na bajeti yake. Hapa kaunti ndiyo wilaya: kaunti 23 pamoja na jiji la Baltimore, basi.

Tafuta matumizi kwa kila mwanafunzi, na uhakikishe ni fedha za uendeshaji tu: mishahara, mabasi, vitabu. Ukichanganya na ujenzi, kaunti inayojenga sekondari mpya itaonekana tajiri mwaka huo hata kama haijaongeza mwalimu. Takwimu za 2021 hadi 2024 zisome kwa tahadhari, maana zilivimbishwa na fedha za dharura za Covid.

Kisha uliza pesa zinatoka wapi. Chukua Worcester na Somerset, kaunti mbili zinazopakana. Worcester ina Ocean City na nyumba za mapumziko zilizojaa ufukweni. Wenye nyumba hizo wanalipa kodi ya majengo, lakini wengi wao watoto wao wanasoma kwingine. Utajiri wa kaunti ukiugawa kwa wanafunzi unakuwa mkubwa, na jimbo linatoa kidogo. Somerset ni maskini, hivyo sehemu kubwa ya bajeti yake hutoka Annapolis, yaani serikali ya jimbo. Wakibana mkanda huko, Somerset ndiyo inayoumia kwanza. Jumla peke yake haikuonyeshi hilo.

Na matumizi makubwa si lazima yawe anasa. Sheria ya elimu ya 2021, Blueprint, huongeza fedha kwa watoto wa familia maskini, wanaojifunza Kiingereza, na shule zenye umaskini mwingi.

Kuhusu walimu, mshahara wa kuanzia usikubabaishe. Sheria hiyo hiyo imeweka kima cha chini cha dola 60,000 kifikapo Julai 2026, kwa hiyo kaunti zitafanana pale chini. Fungua jedwali la mishahara usome mwaka wa kumi wa kazi. Hapo ndipo utajua nani anaweza kuwabakiza walimu wake.

Sasa alama. Jimbo huipa kila shule nyota 1 hadi 5. Mimi nyota nazipita haraka, naenda kwenye ukuaji wa mwanafunzi mwaka hadi mwaka, kwa sababu ufaulu mtupu mara nyingi huonyesha kipato cha wazazi. Linganisha watoto wa familia maskini wa kaunti hii na wenzao wa kaunti ile. Tazama pia utoro sugu, yaani wanaokosa asilimia 10 au zaidi ya siku za masomo.

Mwisho shuka hadi shule yenyewe. Kaunti kama Montgomery ni kubwa mno kuhukumiwa kwa wastani mmoja, na mtoto hupangiwa shule kwa anwani. Mipaka nayo huchorwa upya shule mpya zinapofunguliwa, kwa hiyo piga simu ofisi ya wilaya, taja mtaa na namba ya nyumba, ndipo usaini mkataba wa kupanga.