Somo: soma boksi la projekta kabla hujatoa hela

Wakuu, swali ninaloulizwa sana ni hili: "Nimeona projekta ya 4K Kariakoo, bei ya kutupwa, nichukue?" Jibu fupi: kwa bei hiyo si 4K. Jibu refu ndilo somo lenyewe.

Hatua ya 1: tafuta neno "Native"

Boksi likiandikwa "Supports 4K", maana yake projekta inapokea video ya 4K, halafu inaipunguza iingie kwenye kioo chake cha ndani. Kinachofika ukutani ni kile kilichoandikwa "Native", yaani idadi halisi ya pikseli (vidoti vinavyounda picha), upana kwa urefu: 800 × 480, 1280 × 720 au 1920 × 1080. Kwa kifupi tunaziita 480, 720 na 1080. 4K yenyewe ni 3840 × 2160. Ukiona "Supports" imeandikwa kwa maandishi makubwa na "Native" haipo kabisa, mimi huichukulia ni 480 mpaka muuzaji anithibitishie vingine.

Hatua ya 2: ijaribu hapo hapo dukani

Muuzaji atakuwekea video ya samaki wa rangi rangi. Ikatae kwa adabu, maana hiyo inapendeza kwenye projekta yoyote. Chomeka laptop kwa waya wa HDMI, iweke itoe 1920 × 1080, fungua Excel yenye namba ndogo ndogo, kisha sogea hadi hatua moja kutoka ukutani. Kwenye 1080 ya kweli, 3, 6 na 8 zinatofautiana vizuri na mistari ya Excel inasimama myembamba. Kwenye 480, mstari mmoja unaonekana, unaofuata umemezwa, na 8 imegeuka doa.

Halafu angalia pembe nne. Katikati pakiwa safi na pembeni kuna ukungu, tatizo ni lenzi, na hakuna idadi ya pikseli itakayoiponya.

Hatua ya 3: piga hesabu ya sebule yako

Picha ya inchi 100 (hupimwa kona hadi kona) ina upana wa sentimita 221 hivi. Ukigawa kwa 1920, kila pikseli ni milimita 1.15. Kwa 1280 inakuwa 1.7, kwa 800 inakuwa 2.8. Jicho zima hutenganisha vitu vilivyopishana milimita moja ukiwa mita 3.4 hivi. Sasa vyumba vyetu vya kupanga huku Sinza na Tabata, kochi hadi ukuta mara nyingi ni kama mita tatu. Ukipiga 480 kwa inchi 100 hapo, utatazama mpira kupitia chandarua. Projekta hiyo hiyo ukiisogeza picha ikashuka hadi inchi 60, pikseli zake zinakuwa ndogo kama za 720 kwenye inchi 100. Bure kabisa, hujaongeza hata shilingi.

Hatua ya 4: mwanga

Hapa ndipo watu wanapopigwa. Lumeni ni kipimo cha mwanga. "9000 lumens" za kwenye boksi zipuuze, uliza lumeni za ANSI, zinazotokana na wastani wa vipimo vya sehemu tisa za picha nyeupe. Majumba ya sinema hulenga mng'ao wa candela 48 kwa mita ya mraba. Kuufikia kwenye ukuta mweupe, chumba kikiwa giza totoro, inchi 100 inataka ANSI 400 na ushee. Inchi 70 inatosheka na 200. Ukiwasha taa, hesabu hiyo imekufa.

Hatua ya 5: iweke sawa

Ielekeze ukutani moja kwa moja. Ukiiweka upande halafu ukanyoosha picha kwa "keystone", unatupa sehemu ya pikseli ulizolipia. Ukuta upakwe rangi ya maji nyeupe isiyong'aa. Ya mafuta inarudisha mwanga katikati. Na joto la Dar mnalijua, usiisukumize kwenye kabati lisilopitisha hewa.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kwa bei moja nimepata 720 yenye ANSI 400 na 1080 yenye ANSI 150. Ni ya kuangalia mechi tu.*
Chukua 720, ndugu yangu. Mechi nyingi ni jioni, watoto wanapita, mlango unafunguliwa. Hiyo 1080 itakuonyesha vivuli vya wachezaji.

*King'amuzi changu picha ni ya ukungu, lakini filamu za kwenye flashi zinatoka safi. Projekta imeanza kuharibika?*
Hapana dada. Chaneli ya kawaida, isiyo HD, ina mistari 576 tu, na ukubwa wa picha unaianika. Hakikisha umetumia HDMI, si zile waya tatu za rangi, kisha ulinganishe na chaneli ya HD.

*Kaka, mchana siioni kabisa. Ninunue yenye lumeni nyingi zaidi?*
Anza na pazia zito. Projekta haiwezi kurusha weusi. Weusi unaouona kwenye picha ni ukuta wako tu usiopigwa na mwanga. Jua likiupiga, nywele, usiku na suti nyeusi vyote vinakuwa kijivu.

*Kuna doa jeusi limetokea pembeni, nikifuta lenzi haliondoki.*
Likibaki pale pale hata ukibadilisha video, inaelekea ni vumbi lililoingia ndani. Projekta nyingi za bei rahisi hazijazibwa vizuri. Mpelekee fundi anayezifungua mara kwa mara, akisafishe kioo mbele yako, na umuulize bei kabla hajashika bisibisi.